Moshi wa Julai

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa soksi, Dagny Overby alikwenda dirishani kutazama dohani ya jirani yake. Bahari ilikuwa pale pale nyuma ya mashamba ya ngano, lakini haikumshughulisha. Wala hakutazama mawingu kama wenzake wa Tranemose, kijiji chao cha kisiwani, watu ambao hawawezi kujuliana hali bila kuisengenya mvua. Yeye alitazama dohani ya Villads Skaarup. Akiona moshi unapanda, alishusha pumzi, akavaa soksi, akateleka maji ya kahawa.

Jambo hilo halikuwa lake peke yake. Huku kisiwani kila anayeishi peke yake ana mtu anayemwangalizia moshi, na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake. Moshi ukipanda, fulani ameamka, watu waendelee na shughuli zao. Usipopanda, mtu anavaa buti na kwenda kugonga mlango.

Villads alikuwa fundi baiskeli aliyestaafu, mgane, mrefu, mgongo umeanza kupinda. Dagny naye alikuwa mjane, na nguvu zake za ujana zote zilikwenda kwenye kiwanda cha maziwa cha kijiji mpaka siku kilipofungwa. Kila siku saa nne asubuhi Villads alipenya kwenye pengo la ua wa miti uliotenganisha nyumba zao, kikombe chake mwenyewe kikiwa mfukoni mwa koti, akaja kuketi jikoni kwa Dagny. Waliongea viazi. Waliongea magoti. Siku nyingine hawakuongea kitu, wakasikiliza saa ya ukutani. Alipomaliza kahawa alisuuza kikombe, akakirudisha mfukoni, akasema, "Haya, asante kwa leo," akaenda zake. Mambo yalikwenda hivyo miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wao aliyefungua mdomo kusema lililokuwa moyoni. Watu wazima wawili, ndimi zao nzima kabisa! Ukiwafikiria unaweza kupandwa na hasira.

Kijiji kilikuwa na kitu kimoja tu cha kumcheka Villads. Alikoka moto hata Julai, katikati ya majira ya joto. Haikuwa kwa ajili ya kupika, maana binti yake alikuwa amemnunulia jiko la umeme, na Julai hata vibibi vya huku hutoka nje mikono wazi. Lakini kila asubuhi mapema moshi ulipanda.

"Mzee yule damu imemganda," alisema Petrea, shoga yake Dagny, mwanamke mwenye neno kwa kila mtu.

"Kuni ni zake," Dagny alimjibu. "Acha azichome."

Kisha, asubuhi moja ya mwezi wa Machi, moshi haukupanda. Dagny alijiambia labda mwenzake amepitiwa na usingizi. Alisimama pale dirishani mpaka maji ya kahawa yakachemka na kuanza kukauka, halafu akaingiza miguu mitupu kwenye buti na kukimbia. Alimkuta baina ya banda la kuni na mlango wa jikoni, amelala ubavu juu ya barafu nyembamba, kikapu kimepinduka, kuni zimetapakaa. Nyonga ilikuwa imevunjika.

"Umechelewa," Villads alimwambia, meno yakigongana, akijaribu kutabasamu.

Kutoka hospitali hakurudi nyumbani. Binti yake, Vibeke, alimchukua akakae naye mjini, ng'ambo ya maji, katika nyumba ya ghorofani. Vibeke si mtu mbaya. Alisema kweli tupu: baba yake hawezi kushika fimbo na kikapu cha kuni kwa wakati mmoja, na nyumba ile bila kuni ni jokofu. Siku walipokuja kuchukua nguo, Villads alibaki ndani ya gari. Dagny alisimama kando, mikono ndani ya aproni, hajui aitoe au aiache humo. Villads akateremsha kioo.

"Dagny," alisema, "isingekuwa kuni, nisingekwenda popote."

Gari likaondoka. Kikombe kilikuwa mfukoni mwake, kwa hiyo hata kikombe hakikubaki.

Labda yalikuwa maneno tu, ya mtu asiyejua aage vipi. Lakini Dagny aliyashika. Aliyarudia akimenya viazi, aliyarudia akipanda ngazi. Kila asubuhi aliendelea kwenda dirishani, na dohani ilikuwa pale, baridi, na yeye bado akaitazama kama mtu anayengoja basi lililofutwa. Saa nne ilipofika hakujua afanye nini na mikono yake. Alimkosa. Alimtamani, tuliseme tu. Mwanamke wa miaka sitini na saba, na hakuwa na uhakika kama jambo hilo linaruhusiwa.

Majira ya kupukutika majani yalipofika, bei ya mafuta ilikuwa imepanda tena na kijiji kikaitwa mkutanoni. Katika ukumbi wa Tranemose mambo yana utaratibu wake: kwanza watu wanaimba wimbo mmoja kutoka kitabu cha buluu cha nyimbo, halafu kahawa, halafu keki ya mdalasini, na watu wakishashiba ndipo wanapoanza kugombana. Safari hii alikuwapo mhandisi kutoka bara, mwanamke kijana mwenye sauti nyembamba. Alieleza kwamba kiwanda cha maziwa kilichokufa kingeweza kuwekwa tanuri moja kubwa, likachoma mabua ya ngano yanayobaki mashambani, likachemsha maji, na maji hayo yakapita kwenye mabomba chini ya ardhi hadi kila nyumba. Kijiji kizima kingekuwa na moto mmoja, na wenye moto wangekuwa wanakijiji wenyewe, kama ilivyokuwa kwa maziwa enzi za ushirika.

"Na ndani ya nyumba?" Dagny aliuliza. Watu waligeuka, kwa sababu Dagny si mtu wa kusema mikutanoni. "Ndani ya nyumba mtu anabeba nini?"

"Habebi kitu, mama. Anafungua koki tu."

"Hebu rudia."

"Anafungua koki. Joto linaingia."

Usiku ule Dagny hakula. Aliketi jikoni akitazama mikono yake, akiyarudia maneno ya Villads: isingekuwa kuni.

Mhandisi alikuwa ameweka sharti moja: tanuri lingejengwa tu iwapo nyumba nyingi za kijiji zingekubali kuingia. Nusu hazitoshi. Basi Dagny akavaa koti na kuanza kupita mlango kwa mlango. Alikunywa kahawa ya kila jiko mpaka tumbo likamwuma. Wengine waliogopa kuchimbiwa bustani, wengine walisema wamezaliwa na moto wao na watakufa nao. Mzee mmoja alimfungulia mlango akiwa na kipande cha mkate mweusi na samaki wa siki mkononi, akasema hakubali, akafunga mlango. Dagny alirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mzee akasema afadhali bomba kuliko yeye. Kijiji kikampa jina, Bibi Joto. Walidhani amepata bidii ya uzeeni. Petrea peke yake ndiye aliyemwangalia kwa jicho la pembeni, akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

Nyumba zikatosha. Ndipo likaja suala la nani atoe kiasi gani, na hapo hata majirani wa miaka arobaini walianza kusalimiana kwa kichwa tu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ejnar Lindegaard, mfuga nguruwe, mtu wa haki lakini mkono wake haufunguki haraka. Nyumba yake inatazamana na kiwanda. Ya Dagny ni ya mwisho kijijini, na baada ya ya Dagny ipo ya Villads tu, kisha mashamba.

"Mimi naona ni rahisi," Ejnar alisema mkutanoni. "Kila mtu alipie urefu wa bomba lake. Mimi nikitema mate mlangoni yanafika kiwandani. Kwa nini nilipie bomba la mtu anayeishi karibu na Sweden?"

Watu wa katikati ya kijiji walipiga makofi. Watu wa pembeni walinung'unika. Dagny akasimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Ejnar, baba yako alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe wanaingiaje hapa?"

"Arobaini. Wangu alikuwa na wawili, na mmoja alikuwa kipofu. Mkokoteni wa maziwa ulifika kwetu mwisho wa njia kila siku, theluji au jua, na hakuna aliyetudai gharama ya njia. Na kwenye kura, baba yako alinyoosha mkono mmoja, na wangu mmoja. Ndivyo kiwanda hiki kilivyojengwa. Sasa unataka tukijaze moto na kuanza kupimana kwa futi?"

"Mwenye ng'ombe kipofu amesema!" mtu alipaza sauti nyuma, na ukumbi ukacheka, na baada ya kicheko kile Ejnar hakuwa na pa kushika. Walipiga kura. Ikapita kwamba kila nyumba itatoa sawa, ya karibu na ya mbali.

Dagny alikuwa hajaketi vizuri Ejnar alipoongeza, bila ubaya wowote, huku akikunja karatasi zake:

"Nyumba zenye watu, lakini. Ya Villads tunaiacha. Nyumba tupu hainywi joto, na mwenzetu yule harudi."

Hakuna aliyepinga. Lilikuwa jambo la akili. Mafundi wangefika wiki chache baadaye, mtaro ungechimbwa, bomba lingelazwa mpaka ukutani kwa Dagny na kukomea hapo, na barabara ingefukiwa na kuwekwa lami. Atakayetaka kuunganishwa baada ya hapo angechimbua lami kwa gharama yake peke yake, na hakuna fundi baiskeli mstaafu awezaye hilo. Dagny alielewa kwamba mtaro ukifukiwa, Villads amefukiwa nje ya Tranemose.

Alimpigia simu Vibeke.

"Dagny, mimi nakupenda na unajua," Vibeke alisema. "Lakini nyumba ile nataka kuiuza. Nitalipiaje bomba la nyumba ninayoiuza?"

"Joto litampunguzia kazi. Hatabeba kitu."

"Ana miaka sabini na nne. Akianguka tena?"

"Nitamwona."

"Ulimwona mara ya kwanza, na bado alilala barafuni muda mrefu." Kisha Vibeke akajutia maneno yake, sauti ikalainika. "Sikiliza. Siwezi kukuzuia kufanya unalotaka kufanya. Lakini Baba usimwambie neno. Usimpe matumaini. Hapa halali vizuri, hali vizuri, na nikimpa matumaini halafu nikamnyang'anya, nitakuwa nimemmaliza."

Basi Jumapili, Villads alipopiga simu kama ilivyokuwa desturi yake, Dagny hakusema neno. Aliuliza habari za nyonga. Villads aliuliza habari za viazi.

"Viazi vizuri," Dagny alisema.

"Vizuri kama vya mwaka jana?"

"Vya mwaka jana vilikuwa vizuri zaidi."

Kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake kwenye waya. Swali lilikuwa mdomoni mwa Dagny, dogo tu, ungependa kurudi? Akalimeza.

Kesho yake alikwenda kwa Ejnar, mpaka bandani kwa nguruwe.

"Bomba linaingia chumba changu cha chini," alimwambia. "Kutoka chumba hicho mpaka ukuta wa Villads ni bustani mbili tu. Barabara haiguswi. Bomba likiendelea kutoka kwangu, na kuchimba nikachimba mwenyewe, kamati itapoteza nini?"

"Bomba lenyewe. Ni ghali."

"Nitalipia."

Ejnar aliweka ndoo chini. "Na Vibeke akiuza?"

"Basi nitakuwa nimempashia joto mtu nisiyemjua."

Ejnar alimtazama, na kitu kikamwingia kichwani taratibu, kama mtu mnene anavyopita mlango mwembamba. "Aha," alisema Ejnar. Alichukua ndoo yake. "Chimba kina cha kutosha basi. Baridi ya ardhini isilifikie."

Dagny alianza kuchimba Oktoba, kwa beleshi la marehemu mumewe. Mtaro ulipita katikati ya vile vichaka vya matunda meusi ambayo kila mwaka huyapikia jamu, na aling'oa vichaka vitano bila kuvionea huruma. Udongo wa Tranemose ni mfinyanzi. Ukilowa unashika beleshi na kukataa kuliachia. Siku ya kwanza alifika magotini. Siku ya pili mgongo ulikataa, akachimba akiwa amepiga magoti. Petrea alikuja akasimama juu ya mtaro na mwavuli wake.

"Nikuulize, shoga. Unachimba bomba au unachimba bwana?"

"Ondoka hapo, unaniangushia udongo."

"Maana kama ni bwana, wenzako hupaka rangi ya mdomo tu. Haina matope."

Dagny alinyanyua uso, umejaa tope mpaka kwenye nyusi, na badala ya kumjibu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, beleshi mkononi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Petrea akafunga mwavuli. Akateremka mtaroni na viatu vyake vya kanisani, akachukua beleshi.

"Haya sogea," alisema. "Mimi bwana simtaki, lakini nyumba tupu jirani na yako inanitisha."

Habari ilienea, kama kila habari ya Petrea. Jumamosi walikuja watu na mabeleshi yao, wamevaa kofia za sufu, wamebeba chupa za kahawa na pombe kali ya kuchangamsha vidole. Hata yule mzee wa samaki wa siki alikuja. Hakuna aliyemtaja Villads. Waliongea mvua. Jioni Ejnar alifika na tela lake la nguruwe, na ndani ya tela vilikuwamo vipasha joto viwili vya chuma, vizito, vya kutundika ukutani, kutoka shule ya kijiji iliyofungwa.

"Vilikuwa ghalani kwangu vinakula kutu," alisema, hamtazami Dagny. "Kimoja jikoni, kimoja chumbani. Bomba bila hivi utampasha nini?"

Mafundi wakalaza mabomba na kutundika vipasha joto kwa Villads, na tanuri likawashwa siku chache kabla ya Krismasi. Kijiji kizima kilikusanyika mbele ya kiwanda, kikaimba, kikanywa. Dohani ndefu ya kiwanda, iliyokuwa imekufa tangu ng'ombe wa mwisho, ikatoa moshi, na dohani nyingine zote za Tranemose zikanyamaza. Watu walishangilia. Walipoamka kesho yake ndipo wakagundua kwamba hakuna tena anayejua nani ameamka. Wiki ile ya kwanza simu zililia asubuhi nyumba hadi nyumba, watu wakitolewa bafuni na povu kichwani kuulizwa kama wako hai. Na kunguru, walipoona dohani zote zimepoa, wakaanza kuzikagua moja moja kama wanaotafuta nyumba ya kupanga.

Dagny hakuwa na wa kumpigia asubuhi. Alishuka chumba cha chini. Bomba lake liliingia ukuta wa mbele, na hapo liligawanyika, tawi jingine likatoka ukuta wa pili kwenda kwa Villads. Upande wake lilikuwa la moto. Upande wa Villads lilikuwa baridi, kwa sababu koki yake ilikuwa imefungwa na maji hayakupita. Aliweka kiganja juu ya lile baridi. Baada ya siku ile ikawa ndiyo desturi yake mpya. Dirishani kwanza, ambako hapakuwa na kitu, halafu chini, ambako hapakuwa na kitu. Krismasi ilipita hivyo. Januari ikapita. Jumapili waliongea nyonga na viazi, na sauti ya Villads ilizidi kuwa nyembamba kila wiki.

Mwishoni mwa Februari Vibeke alipiga simu kwamba anakuja kupanga vitu kwa ajili ya kuuza nyumba. Atalala usiku mmoja; ataleta mablanketi yake. Dagny hakumwambia kitu. Siku hiyo alichukua ufunguo aliokabidhiwa na Vibeke, akaingia nyumba ya Villads, akapita jiko la kuni lililopoa na kikapu kitupu, akafungua koki. Kisha akarudi kwake na kukaa.

Vibeke alikuja amevaa glavu na koti la theluji. Alipochelewa kutoka, Dagny alipenya kwenye pengo la ua, akamkuta ameketi jikoni kwa baba yake na shati tu, koti na glavu ziko sakafuni, amekumbatia kipasha joto cha shule.

"Sijawahi kuiona nyumba hii na joto kabla sijawasha moto," Vibeke alisema. "Hata nilipokuwa mtoto. Mama alikuwa anaamka wa kwanza akitetemeka." Alifuta pua. "Jana Baba aliniuliza kama dohani bado imesimama. Dohani, Dagny! Mtu gani anauliza habari za dohani?"

Dagny aliokota glavu sakafuni.

"Tujaribu," alisema Vibeke. "Mpaka majira ya joto. Tujaribu tu."

Walimleta Aprili. Petrea alikuwa amepandisha bendera kwenye mlingoti wa Villads na kuchomeka vibendera vidogo njia nzima, kana kwamba anarudi mfalme. Villads alishuka garini na fimbo, amekonda, koti linampwaya. Vibeke alimwonyesha vipasha joto na koki, akamwonyesha mara tatu, na Villads akasema ndiyo, ndiyo, ameelewa. Dagny alisimama mlangoni kama mgeni. Walikuwa na watu wengi mno karibu yao. Villads alimshika mkono, akautikisa.

"Viazi umeshapanda?" aliuliza.

"Bado. Ardhi ni baridi."

Basi, hicho ndicho walichosema, baada ya mwaka mzima na zaidi! Vibeke aliondoka na kivuko cha jioni.

Dagny hakulala sana. Kulipokucha alikwenda dirishani, na baridi ya usiku ilikuwa imepaka majani weupe. Dohani haikutoa moshi. Akajicheka, moshi utoke wapi siku hizi? Akashuka chini, akaweka kiganja kwenye bomba la kwa Villads.

Lilikuwa baridi.

Alishika sehemu nyingine, na nyingine. Baridi tupu. Jana usiku lilikuwa la moto, alikuwa amelishika kabla ya kulala. Alipanda ngazi akijigonga, akaingiza miguu mitupu kwenye buti, na alipokuwa akikimbia juu ya mtaro uliofukiwa, kilichokuwa kichwani mwake ni barafu ya Machi na kuni zilizotapakaa. Alipofika uani kwa Villads aliona moshi. Ulikuwa ukitoka mlango wa jikoni na madirisha yote mawili, mzito, na ndani mtu alikuwa akikohoa.

Villads alikuwa amesimama mbele ya jiko la kuni, pajama ndani, koti juu, uso mweusi kwa masizi. Dagny alimvuta nje kwa ukosi, akarudi, akafunga mlango wa jiko, akamwagia maji kilichokuwamo, akafungua kila kilichofunguka.

"Unataka kujichoma?" alifoka alipotoka. "Mzee mzima!"

"Dohani imeziba."

"Kunguru wamejenga humo! Dohani zote za kijiji zina kunguru! Na joto lipo, Villads, liko ukutani, kijiji kizima kimelichimba! Hukuonyeshwa koki?"

"Nimeonyeshwa. Nimeifunga."

"Umeifunga!"

"Siwezi kuwasha viwili kwa pamoja. Ni hasara."

"Na hicho kimoja cha kuni cha nini?"

Villads aliangalia miguu ya Dagny, mitupu ndani ya buti, kisha akaangalia kule dirishani kwake, upande wa pili wa ua.

"Ungejuaje nimeamka?" alisema.

Kunguru mmoja alikuwa juu ya dohani akiwatukana wote wawili.

"Ulidhani Julai nilikuwa nasikia baridi?" Villads aliuliza.

Dagny akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni. Miaka tisa ya moshi ilimpita machoni, asubuhi moja baada ya nyingine, majira ya joto yote yale ambayo watu walicheka na yeye akamtetea bila kujua anatetea nini. Alitaka kumpiga. Alitaka kulaza kichwa chake juu ya koti lile linalonuka masizi.

"Na siku ile barafuni," alisema polepole. "Kuni zile..."

"Nilikuwa nimechelewa. Niliona taa yako imeshawaka."

Moshi ukapungua mlangoni. Mwishowe Dagny alisimama, akafuta uso kwa aproni.

"Nakwenda nyumbani," alisema. "Ngoja nifike, halafu ufungue ile koki."

"Kwa nini?"

"Fungua tu. Kila asubuhi ukiamka, ufungue. Usiku uifunge. Mimi nitajua."

Alipenya kwenye pengo la ua, akaingia ndani, akashuka ngazi mpaka chini bila kuvua buti. Aliweka viganja vyote viwili juu ya bomba. Lilikuwa baridi. Alingoja. Kisha bomba likalia, tik, na tena, tik, na joto likaja likitambaa chini ya vidole vyake, kwanza kama la mkono wa mtu, halafu zaidi, na Dagny akalishikilia mpaka likaanza kumuunguza, na bado hakuliachia.

Huko juu mlango wa jikoni ulifunguliwa, fimbo ikagonga sakafu, na kikombe kikawekwa mezani. Saa nne ilikuwa bado mbali.